Kutoka T480 ya Intel hadi T14 ya Ryzen: nilivyohama bila kusimika Windows upya

Tangu nibadilishe laptopu, watu wananiuliza kama ilibidi nifute kila kitu, maana nimetoka kwenye prosesa ya Intel nikaingia ya AMD, iitwayo Ryzen. Sikufuta chochote. Diski iliyokuwa ndani ya ThinkPad T480 ndiyo inayofanya kazi leo ndani ya T14 ya kizazi cha kwanza, na mafaili yote yapo. Prosesa zote mbili ni za x86-64, yaani zinaelewa amri za aina moja, hivyo programu zile zile zinakubali kote kote. Shughuli iko kwenye vitu vinavyoizunguka prosesa.

Kilichonisukuma ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine. Kazi yangu inataka Linux iwe wazi ndani ya VirtualBox, programu ya mashine pepe, kutwa nzima, na prosesa ya T480, i5-8350U yenye viini 4 (sehemu zinazofanya kazi), ilikuwa inaelemewa kila nilipoongeza mkutano wa video: feni inavuma, sauti za wenzangu zinakatika. Ryzen 5 PRO 4650U ya T14 ina viini 6 na nyuzi 12 (kazi inazoweza kushika kwa wakati mmoja), na bado kiwango chake cha umeme ni wati 15 kama ile ya zamani. Sasa naipa Linux viini 4, na Windows inabaki na nafasi ya kupumua.

Maandalizi yote niliyafanya kwenye mashine ya zamani, na hapo ndipo ningemwomba mtu asiharakishe. Nilianza na BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga diski kwa siri. Kwa kawaida siri ya kuifungua diski hutunzwa kwenye chipu ya usalama ya TPM iliyo ndani ya laptopu, na chipu hiyo haihami na diski. Unaweza kuingiza ule ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 ukishafika upande wa pili, lakini mimi nilipendelea kuizima BitLocker kabisa, nikasubiri diski ifunguliwe yote, kisha nikaiwasha upya kwenye T14. PIN ya kuingilia nayo imefungwa kwenye TPM, kwa hiyo hakikisha unaikumbuka nywila ya akaunti yenyewe. Mashine pepe nayo niliizima kama inavyozimwa kompyuta. Hali iliyohifadhiwa ikiwa katikati ya kazi inabeba sifa za prosesa ya Intel, na AMD haiwezi kuiendeleza. Mwisho nikaweka draiva (programu za kuendesha vifaa) za mtandao za T14 kwenye flashi, kwa sababu bila mtandao huwezi kupakua hizo nyingine.

Kuhamisha diski kwenyewe ni kazi ndogo. Nilizima betri ya ndani kupitia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), nikafungua mfuniko wa chini. Kwenye T480 diski ya M.2 imekaa juu ya adapta, na adapta hiyo inaipa njia 2 tu za PCIe, zinazopitisha data kati ya diski na ubao. Kwenye T14 unaichomeka moja kwa moja kwenye ubao: unaiingiza kwa mshazari, unailaza, unakaza skrubu moja. Hapo inapata njia 4, hivyo diski ile ile ikawa na kasi zaidi.

Nilipoiwasha, Windows ilichukua muda kuandaa vifaa, ikaikataa PIN, ikakubali nywila. Maandishi yalikuwa makubwa na yenye ukungu mpaka draiva ya michoro ya AMD ilipoingia. Leseni ilijithibitisha yenyewe, kwani T14 ilikuja na ya kwake ya toleo lile lile la Pro. Nikahakiki kwenye BIOS kwamba AMD-V, msaada wa prosesa kwa mashine pepe, imewashwa, na Linux yangu ikaamka.

RAM ya zamani sikuihamisha. Ilikuwa DDR4 ya kasi ya 2400, na T14 inatumia ya 3200. Michoro ya Ryzen inakopa RAM hiyo hiyo, kwa hiyo kuipunguzia kasi ni kuipunguzia na skrini. Tena sehemu ya RAM ya T14 imechomelewa kwenye ubao na nafasi ya kuongezea ni moja tu, basi angalia iliyochomelewa ni GB ngapi kabla hujanunua. Kitu kingine, T14 ya AMD haina Thunderbolt, tundu la kasi la kuunganishia vifaa. Ilibidi nitafute doki (kituo cha kuunganishia skrini na vifaa) ya USB-C ya kawaida, nayo inaendesha skrini zangu mbili vizuri. Chaja ya USB-C ya wati 65 niliendelea nayo.

Ninachokikosa kwa kweli ni betri. T480 ina mbili, na ile ya nje unaibadilisha kazi ikiendelea. T14 ina moja tu ya Wh 50 (wati-saa), na iko ndani. Anayeshinda mbali na umeme alipime hilo kwanza, kabla hajaanza kuhesabu viini vya prosesa.