Kichwa cha .375: angalia muundo kabla ya uzito

Swali linalorudi kila Juni, msimu wa uwindaji unapokaribia kufunguliwa, ni lile lile: nibebe kichwa cha greni 270 au 300? (Kichwa ni kile kipande kinachoruka na kumwingia mnyama; greni ni kipimo cha uzito wake.) Hilo ni swali la pili. La kwanza ni kichwa chenyewe kimejengwaje. Vichwa viwili vya greni 300 kutoka maboksi tofauti vinaweza kumwingia mbogo na kufanya kazi zisizofanana hata kidogo: kimoja kikasagika kwenye mfupa wa bega, kingine kikapita mapafu yote mawili na kulala chini ya ngozi ya upande wa pili.

Mengi ya hapa chini ni ya .375 H&H, risasi iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912 na ambayo bado ndiyo kipimo cha bunduki za kati Afrika. Mwenye 9.3x62 asome vivyo hivyo, ila vichwa vyake vina kipenyo cha inchi .366, na uzito uliozoeleka ni greni 286. Jambo moja mapema: hapa nchini, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inagusa umiliki, biashara na utengenezaji. Usilete presi (mashine ya kujaza risasi mwenyewe) Mbezi wala Kigamboni kabla hujapata jibu la maandishi kutoka kwa msajili wa silaha, polisi. Wengi wetu hata hivyo hununua risasi za kiwandani au hupokea wageni waliojaza zao kwao, na uchaguzi wa kichwa unabaki ule ule.

Softi (kichwa chenye ncha laini) ya kawaida ina koti jembamba la shaba na kiini cha madini ya risasi kilichosukumizwa ndani tu, bila kushikamana na koti. Kwa swala pala au ngiri inatosha na kuzidi. Kwa mbogo aliyesimama kiubavu, ukigonga bega, koti na kiini huachana, na unachopata ni jeraha pana la juujuu na mnyama anayeingia kichakani akiwa na hasira. Ndiyo sababu vichwa vya wanyama wakubwa vimejengwa kwa njia tatu. Nosler Partition ina ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele hupasuka na kupoteza sehemu yake, nusu ya nyuma huendelea kuchimba. Vichwa vya kuunganishwa, kama Woodleigh Weldcore, vina kiini kilichogandishwa kwenye koti ili visiachane. Swift A-Frame ina vyote viwili, ukuta na kiini kilichogandishwa, na kwa kawaida hubaki na zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake. Barnes TSX haina kiini kabisa. Ni shaba tupu yenye tundu puani, na hufunguka kama maua yenye petali nne.

Kwa mbogo, chaguo langu halina mzunguko: A-Frame ya greni 300, au shaba tupu ya greni 270. Hiyo 270 si kosa la kuandika. Shaba haipotezi uzito njiani, kwa hiyo unaweza kushuka daraja moja na bado ukapenya sawa na kichwa kizito cha madini ya risasi. Unapata pia mwendo: greni 270 hutoka mtutuni kwa takriban mita 820 kwa sekunde, greni 300 kwa takriban 770. Mwendo huo una maana, kwa sababu kila kichwa cha kufunguka kina kasi ya chini ambayo chini yake hakifunguki vizuri, na shaba ndiyo inayodai zaidi. Kwenye mita 100, greni 300 ingali kati ya mita 660 na 690 kwa sekunde kutegemea umbo la ncha, kwa hiyo kwenye umbali wa kawaida wa mbogo hakuna shida. Shida huja kwa anayempiga pofu, yule swala mkubwa, mita 250 kwa kichwa cha ncha butu, kisha analaumu darubini.

Ukitaka kujua kichwa kimefanya nini, usiulize boksi, kaa karibu na wachunaji. Kichwa kilichotolewa nyamani kioshe, kipime, kisha kitazame. Kikifunguka vizuri, uyoga wake una upana kati ya mara moja na nusu na mara mbili ya kipenyo cha awali, yaani milimita 14 hadi 19. Pua iliyojifunga kama kidole, bila kufunguka, inasema mwendo ulikuwa mdogo au tundu la mbele liliziba. Petali zilizokatika zote na kubaki kigogo tu zinasema kiligonga mfupa mgumu kwa karibu. Hilo si janga, maana kigogo huwa kimeendelea kupenya. Kinachotakiwa kukuamsha ni kichwa kilichopinda kama ndizi, au kilichobonyea ubavu mmoja tu: hicho kiligeuka ndani ya mnyama, na njia yake haikuwa ile uliyoilenga.

Solidi, yaani kichwa kigumu, haifunguki, na kazi yake ni moja: kufika mbali kwa mstari ulionyooka. Ni ya ubongo wa tembo na kiboko, na ya mbogo aliyejeruhiwa anayekimbia akikupa mgongo. Chagua yenye pua bapa kuliko ya mviringo. Bapa hunyooka zaidi na huacha tundu kubwa zaidi. Ila pua bapa ndiyo inayokwama ikiingia chembani (nafasi ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa). Jaza magazini, nenda uwanja wa shabaha, sukuma bolti kwa kasi ile ile utakayoitumia porini, si polepole kama unabembeleza. Ikigonga mdomo wa chemba hata mara moja, badili kichwa au mpe fundi bunduki. Usitumie solidi kama risasi ya kwanza kwenye kundi la mbogo: itapita wa kwanza na kumjeruhi wa nyuma, nawe utakuwa na kazi ya wanyama wawili. Wenye bunduki za zamani za mitutu miwili wawe makini na solidi za shaba au brasi tupu. Hazibonyei kwenye mifereji ya mtutu kama koti lenye madini ya risasi ndani. Zenye mifuo mingi kiunoni ni nafuu.

Kwa simba na chui, ugumu si sifa. Paka hawa wana mifupa na misuli ya kawaida, na unataka kichwa kinachofunguka mapema. A-Frame kwenye chui hupita kama kalamu kabla ya kumaliza kufunguka. Hapa softi ya kawaida ina nafasi yake.

Sasa upande wa kujaza, kwa aliye na kibali au anayejaza huko anakoruhusiwa. Kosa linaloharibu bunduki ni kuchukua kipimo cha baruti cha kichwa kimoja na kukitumia kwa kingine cha uzito ule ule. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi kwa ujazo, kwa hiyo kichwa cha shaba cha greni 300 ni kirefu zaidi, kinakaa ndani zaidi ya ganda, kinakula nafasi ya baruti, na shinikizo linapanda. Kipimo kitoke kwenye kitabu cha mtengenezaji, kwa kichwa hicho hicho kwa jina lake, kuanzia chini. Vichwa vya shaba pia havipendi kugusa mwanzo wa mifereji. Anza na uwazi wa milimita 1.3 hivi. Urefu wa risasi nzima ya .375 H&H hauzidi milimita 91.4, lakini pima magazini yako, usiamini namba tu. Bana mdomo wa ganda kwenye mfuo wa kichwa, kwa sababu teke la bunduki husukuma risasi zilizobaki kwenye magazini, na kichwa kisichobanwa huzama ndani ya ganda au hutoka kidogo. Vyote viwili ni balaa.

Tahadhari na mtego wa kipenyo. Kuna vichwa vya inchi .375 vya greni 200 na 220 vilivyotengenezwa kwa .375 Winchester, risasi ya bunduki zinazokokiwa kwa wenzo wa chini, iliyotolewa mwaka 1978. Koti lao ni jembamba, la mwendo mdogo; kwa mwendo wa H&H husambaratika. Na upande wa pili kuna vichwa virefu vya kuchongwa kwa shabaha ya mbali sana, vya risasi ya CheyTac: kipenyo sawa, lakini havikutengenezwa kufunguka nyamani, na mtutu wa kawaida wa mzunguko mmoja kwa inchi 12 hauvitulizi.

Ukishachagua softi na solidi, zipige zote mbili mita 50 kutoka kwenye fimbo za kuegemea, tatu tatu. Zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 5, badili mojawapo. Ukihama kutoka vichwa vya koti kwenda shaba tupu, sugua mtutu kwanza kwa dawa ya amonia hadi kitambaa kiache kutoka na rangi ya bluu-kijani. Wengi hulaani kichwa kipya kwa uchafu wa kichwa cha zamani.

Unyevu wa Dar unahitaji sanduku lenye mpira wa kuzuia hewa na pakiti za silika. Usihifadhi risasi kwenye mikoba ya ngozi. Asidi ya ngozi na unyevu hulifanya ganda liote ukungu wa kijani, na ganda lenye ukungu hukwama chembani. Wala usiziache kwenye gari lililoegeshwa juani: baruti nyingi hupandisha shinikizo zikipata moto. Kwa wanaopita uwanja wa ndege, kikomo cha kimataifa ni kilo 5 za risasi kwa abiria mmoja, pamoja na boksi. Risasi moja ya .375 yenye greni 300 ni takriban gramu 40, kwa hiyo softi 40 na solidi 20 zinaingia bila wasiwasi. Baruti ya wazi na fataki (viwashio vya ganda) hazipandi ndege ya abiria kabisa.