Q bila U, herufi tano

Jana usiku nilikwama kwenye Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno ya Kiingereza kwa vigae vya herufi. Mkononi nilikuwa na Q, L, T, R, I na A mbili, U, ambayo kwa Kiingereza karibu kila mara huifuata Q, hata ya dawa sina. Q peke yake ina alama 10, si herufi ya kuitupa. Nikazipanga, nikazipangua, mpaka nikaiona: talaq. Kumbe ni talaka, neno ninalolijua tangu utotoni!

Sikulala mapema. Nilianza kuyasaka maneno mengine ya herufi tano yenye Q isiyofuatwa na U. Faqir ni fakiri huyu huyu wetu. Niqab ni nikabu. Sikio la Mswahili linayatambua upesi kwa sababu yameingia Kiingereza kutoka Kiarabu, kama yalivyoingia kwetu, ila wao wameiacha Q yake na sisi tukaandika K.

Queue nalo nalipenda: irabu nne, konsonanti moja, na ukifuta zote nne matamshi hayabadiliki.

Kwenye Wordle, mchezo wa kukisia neno la Kiingereza la herufi tano, shida huwa nyingine. Ukishapata -ight, yanakusubiri light, night, right, might, sight, fight, tight na eight. Majaribio ni sita tu, kwa hiyo kubahatisha moja moja ni hatari. Mimi naandika films. Najua siyo jibu, lakini linapima F, L, M na S kwa mpigo. Nimeliandika kwenye karatasi, chini ya talaq.