Mrithi Aliyekataa Kiti cha Baba Yake

Baada ya arubaini ya baba, wazee wa chama cha wakazi wa mtaa wetu hapa Nairobi walikuja nyumbani, wakaketi sebuleni, wakaniwekea mezani daftari la kumbukumbu za mikutano na muhuri wa chama, ambao mpini wake wa mbao ulikuwa umelika pale kilipozoea kukaa kidole gumba cha marehemu. Baba alikuwa mwenyekiti kwa miaka mingi, na kwa mawazo yao kiti kilikuwa sasa changu. "Mwanetu, shika," mzee mmoja aliniambia. Niliomba muda wa kufikiri, na usiku ule nilimkumbuka Tony Benn, mwanasiasa Mwingereza ambaye nimekuwa nikifuatilia habari za maisha yake tangu ujana wangu.

Benn alizaliwa London mwaka 1925. Baba yake, William Wedgwood Benn, aliyewahi kuwa waziri wa masuala ya India, alipewa cheo cha ulodi cha Viscount Stansgate mwaka 1942 ili chama cha Labour kipate sauti zaidi katika Baraza la Malodi, lile baraza la bunge lao lisilochaguliwa na wananchi. Cheo hicho kilikuwa cha kurithiwa na mwana wa kwanza wa kiume, naye alikuwa Michael, kijana aliyekusudia kuwa kasisi na ambaye hakuona ubaya wowote kuwa lodi. Michael, rubani wa kivita, alifariki mwaka 1944, na tangu siku hiyo mdogo wake akawa anangojwa na jambo ambalo hakulitaka.

Tony aliingia bungeni mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 25, kwa kura za watu wa Bristol South East. Alikuwa miongoni mwa wabunge waliounga mkono vuguvugu la uhuru wa makoloni lililoanzishwa mwaka 1954 chini ya Fenner Brockway, wakati huku kwetu tukiwa bado chini ya hali ya hatari. Baba yake alipofariki mnamo Novemba 1960, kiti alichopewa na wapiga kura kilipotea papo hapo, kwa kuwa lodi hakuruhusiwa kuketi katika baraza la waliochaguliwa, wala sheria haikumpa mrithi nafasi ya kusema hapana.

Uchaguzi mdogo uliitishwa mwezi wa Mei 1961, naye akagombea. Watu wa Bristol walielewa vizuri kwamba sheria ilimkataa, lakini walimpa kura zaidi ya 23,000, huku mpinzani wake akipata zaidi kidogo ya 10,000. Alipofika kwenye mlango wa ukumbi wa bunge, bawabu alimzuia kwa amri ya Spika. Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi: mtu amesimama mlangoni na ridhaa ya maelfu, na anayemzuia si mpinzani aliyemshinda bali ni damu ya baba yake mwenyewe. Mahakama ya uchaguzi ilimpa kiti aliyeshindwa, Malcolm St Clair, ambaye naye, ajabu kubwa, alikuwa mrithi mtarajiwa wa cheo cha ulodi.

Sheria ya kumruhusu mrithi kukataa cheo ilipitishwa tarehe 31 Julai 1963, kati ya Madaraka yetu ya tarehe 1 Juni na Uhuru wa tarehe 12 Desemba. Jioni ile ile Benn alikuwa wa kwanza kukikana cheo chake. St Clair alitimiza ahadi yake ya kujiuzulu, na tarehe 20 Agosti watu wa Bristol wakamrudisha Benn bungeni. Miezi michache baadaye, Earl wa Home, lodi wa chama pinzani, aliitumia sheria hiyo hiyo ili akiwa waziri mkuu aweze kuketi katika baraza la waliochaguliwa.

Baadaye Benn alishika wizara za posta, teknolojia, viwanda na nishati. Sikubaliani naye katika yote. Kinyang'anyiro cha unaibu kiongozi cha mwaka 1981, alichoshindwa kwa chini ya asilimia 1, kilikigawanya chama chake vibaya. Lakini maswali aliyotaka kila mwenye mamlaka aulizwe nayapenda hadi leo: una mamlaka gani, umeyapata wapi, unayatumia kwa manufaa ya nani, unawajibika kwa nani, na tutakuondoaje? Barabara ya Kenyatta hapa mjini iliwahi kuitwa kwa jina la Lodi Delamere, aliyerithi cheo chake akiwa na miaka 17 na baadaye akawa sauti kuu ya walowezi katika Baraza la Kutunga Sheria. Babu zetu hawakuwa na namna ya kumuuliza swali hilo la mwisho.

Sheria ya 1963 ilimruhusu mtu kukikataa cheo kwa muda wa uhai wake tu. Benn alipofariki mwezi wa Machi 2014, cheo kilimwendea mwanawe Stephen. Mwanawe mwingine, Hilary, alikuwa amekwisha kuchaguliwa na watu wa Leeds tangu mwaka 1999.

Jumapili iliyofuata nililibeba daftari na muhuri hadi mkutanoni, nikawaomba wanachama wapige kura, nami nisiwe mgombea. Wazee wawili walinuna. Alichaguliwa mama jirani yetu wa ghorofa ya pili, nikamkabidhi muhuri mbele ya wote, naye akaujaribu kwenye daftari, chini kidogo ya mwandiko wa baba.