Siku moja na wageni wa maji moto

Saa kumi na nusu alfajiri, Majengo. Muadhini hajamaliza kukohoa kwenye spika, mimi nishapima oili na maji. Gari si yangu, ni ya tajiri. Mimi nashika usukani tu. Leo nina abiria sita, familia moja ya Kibokoni: bibi, binti zake wawili, mkwe na wajukuu wawili. Wanakwenda kwenye chemchemi za maji moto.

Ukimwambia mtu wa Mombasa habari za maji moto, moja kwa moja atakutajia Bogoria, ziwa la huko Bonde la Ufa, safari ya kulala njiani. Kumbe yako hapa hapa Kwale, Mwananyamala, upande wa milima ya Dzombo na Mrima. Alfajiri waondoka, magharibi uko kwako.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo gari ina breki?"

Saa kumi na moja na nusu tuko juu ya feri ya Likoni. Hotipoti ikafunguliwa, mahamri yakapita kutoka nyuma mpaka kwangu. Mjukuu mkubwa, wa miaka kumi hivi, amepakata mfuko wa mayai sita mabichi. Ameona kwenye simu watu wa Bogoria wakichemsha mayai chemchemini na maji yakiruka juu. Sikumvunja moyo.

Ukunda, Msambweni, twapita tu. Ramisi nikapunguza mwendo kidogo, maana miwa inapendeza na umande. Kiwanda cha kale cha hapo kilifungwa 1988, mashamba yakawa pori miaka mingi kabla miwa haijarudi.

Saa mbili na nusu tushaacha lami. Vumbi jekundu, mikorosho, mbuzi wasiojua honi. Mrima ukatokea, kisha Dzombo nyuma yake. Mtu wa bara ataviita vichuguu, lakini sisi wa pwani tumezoea nchi tambarare, kwetu hiyo ni milima.

Hapo ndipo pancha. Gurudumu la akiba nikalibonyeza kwa kidole, likabonyea. Tajiri aliniapia jana kwamba limejazwa. Kijana wa bodaboda akalipakata gurudumu mpaka kwa mwenye pampu, dakika hamsini. Mkwe akawa anatazama saa kila mara, utadhani saa ndiyo itajaza upepo.

Saa nne na robo tukafika. Nasema kweli: hakuna kinachoruka. Maji yanatoka taratibu kati ya mawe, yanafuka moshi mwembamba, yanateremka kama mfereji mdogo. Kina mama walikuwa wanafua huko chini yalikopoa. Mmoja alikuwa na madumu manne. Haya ya leo, alisema, yatanywewa kesho, lazima yalale kwanza.

"Ndiyo haya tu?" mkwe akauliza.

Mtoto naye: "Mjomba, chini kuna volkano?"

Nikamweleza nilivyoelezwa na mgeni mmoja mwanajiolojia niliyewahi kumleta. Milima hii ni mawe yaliyopanda yakiwa yameyeyuka, zaidi ya miaka milioni mia moja iliyopita, na yalipoa zamani sana. Maji ni ya mvua: yanazama mbali ndani ya ardhi, huko yanapata joto, kisha yanapata ufa na kupanda. Mawe hayo hayo ndiyo yaliyoipa Mrima niobiamu, metali ya kuimarisha chuma, na madini adimu, ndiyo maana wageni wenye mashine hawaachi kuuulizia mlima huo. Kwa Wadigo ni kaya, msitu wa wazee. Hayo mawili hayakai chungu kimoja.

Bibi alikuja kwa ajili ya magoti. Binti yake hakumwacha atie mguu hivi hivi. Aliteremka hatua kama ishirini kutoka kwenye jicho la chemchemi, akapima maji kwa kiwiko, akasogea chini zaidi, akapima tena. Bibi ana sukari, nyayo zake hazisikii moto vizuri, anaweza kuungua akacheka. Akakunja leso, akakaa juu ya jiwe, miguu ndani mpaka nusu ya muundi. Akafumba macho. Mimi siamini kwamba maji yale ni dawa ya kila kitu kama wengine wanavyosimulia, lakini joto kwa goti la miaka sabini, hilo siwezi kubisha.

Mayai je? Mtoto alitumbukiza matano na mfuko wake pale penye moto zaidi, tukahesabu dakika ishirini. Akavunja la kwanza: kiini kimeanza kushika, ute bado kama makamasi. La pili vile vile. Dada yake alicheka mpaka akakaa chini. Matatu yaliyobaki akawapa kina mama wakayamalizie jikoni.

Saa nane tukageuza. Bibi alilala njia nzima, mdomo wazi. Feri sikuitaka, Kibundani nikakata barabara ya Dongo Kundu, daraja la Mteza na upepo wake, tukatokea Miritini. Foleni ya Changamwe sina la kusema. Kibokoni saa kumi na mbili kasoro.

"Magoti vipi, bibi?"

"Yapo," akasema, akashuka mwenyewe bila kushikwa.

Saa mbili usiku naosha gari. Vumbi limeingia mpaka ndani ya redio. Chini ya kiti cha nyuma nikakuta yai la sita, zima, halina hata ufa. Nikakata kitunguu na pilipili, nikalikaanga.