Siku Yangu Moja na Tiketi 214

Saa 12:30 asubuhi, hapa Soweto, Moshi, kilele cha Kibo kilikuwa bado hakijafunikwa na wingu nilipowasha kompyuta. Kazi ya siku ilikuwa moja: kusafisha orodha ya tiketi, yaani taarifa za makosa na maswali ya watumiaji, za programu huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote) ya kutunza hesabu za dawa stoo, ambayo mimi na wenzangu wanne tunaihudumia kwa kujitolea. Zilizokuwa wazi zilifika 214.

Kufikia saa 4:00 nilikuwa nimefunga 31, nyingi zikiwa maswali ya usakinishaji ambayo majibu yake yamo tayari katika mwongozo.

Saa 4:15 nilikwama. Tiketi moja ililalamika kwamba ripoti ya siku haina dawa zilizotolewa usiku. Nyingine, iliyokaa kimya miaka miwili, ilisema stoki inasoma pungufu. Ya tatu ilidai kwamba dawa imetolewa kabla haijapokelewa, jambo ambalo hata mchawi haliwezi. Hiyo ya tatu ilikuwa na picha ya skrini: dawa iliyotolewa saa 8:20 usiku wa kuamkia tarehe 12 ilisomeka tarehe 11. Seva yetu hutunza muda kwa UTC, saa ya rejea ya dunia nzima, nasi Tanzania tuko mbele kwa saa tatu, hivyo chochote kinachoandikwa kati ya saa 6 na saa 9 usiku huangukia siku iliyopita, ilhali tarehe ya kupokea mzigo huandikwa kwa mkono na hubaki sahihi. Kosa lilikuwa moja lenye majina matatu. Nilibakiza tiketi ya tatu, ingawa ndiyo changa kuliko zote, kwa kuwa ndiyo yenye ushahidi, kisha nikazifunga mbili kama marudio na kuweka kiungo ili waliozileta wajue zimehamia wapi.

Aliyepiga picha ile ni muuguzi wa hapa hapa mjini, nikampigia simu.

“Pole na zamu, dada.”

“Asante, kaka. Mimi nilidhani ni usingizi wangu.”

Saa 7:30 nilikunywa mtori. Umeme ukakatika, nikaendelea kwa bando la simu.

Saa 9:00 mwenzetu mmoja alipendekeza tuweke roboti, yaani programu inayojiendesha, ya kufunga tiketi zilizokaa kimya. Roboti ya namna hiyo iliyozoeleka GitHub, tovuti ya kutunzia programu na tiketi zake, usipobadilisha mipangilio yake, huitia tiketi alama baada ya siku 60 na kuifunga siku 7 baadaye. Nilikataa, kwa sababu ingekuwa kazini, ile ya stoki pungufu ingezikwa zamani ikiwa na kosa lake hai, na sisi tungejisifu kwa usafi.

Saa 12:00 jioni zilibaki 143.

Saa 3:40 usiku muuguzi aliandika kwamba yuko zamu tena, akaomba nisirekebishe chochote kwanza, maana atanitumia picha nyingine ikifika saa 7.