Nilivyotumia sufi kuondoa dizeli bwawani

Mpira wa dizeli wa pampu ya kumwagilia ulipasuka usiku, na kulipokucha mafuta yalikuwa yameshatandaa bwawani, mazito zaidi upande yalikosukumwa na upepo. Nilifunga koki kwanza, kisha nikaziba mfereji unaotoa maji.

Wenzangu walinishauri nimwage sabuni ya unga. Nilikataa kabisa. Sabuni haiondoi mafuta, inayavunja tu yawe matone madogo yanayozama na kuchanganyika na maji, na wanaoumia ni samaki.

Nilichukua sufi, ile ile inayojazwa kwenye mito, mbichi kama ilivyotoka kwenye tunda la msufi. Kila unyuzi wake ni mrija mwembamba wenye hewa ndani na nta juu. Nta hiyo hukataa maji na kupokea mafuta, ndiyo maana zamani sufi ilijazwa kwenye majaketi ya kuokolea maisha. Hubeba mafuta mara 30 ya uzito wake, hata zaidi. Pamba ya hospitali haifai hapa: nta yake imeshaondolewa, kwa hiyo inakunywa maji.

Sufi ikimwagwa ovyo hupeperuka, basi niliishona ndani ya mifuko ya chandarua. Makumbi ya nazi niliyajaza kwenye viroba virefu, nikavifunga mwisho kwa mwisho kuzingira mafuta yasisambae. Wananchi wa Morisi walifanya jambo kama hilo mwaka 2020, meli iitwayo Wakashio ilipovujisha takriban tani 1,000 za mafuta: walishona vizuizi vya kitambaa, wakavijaza majani ya miwa.

Mfuko ukigusa utando, unaona weupe unageuka manjano ukingoni, halafu rangi inapanda hadi katikati huku mfuko ukiendelea kuelea. Niliukamulia kwenye ndoo nikiwa nimevaa glavu: ilitoka dizeli, maji kidogo sana. Nikaurudisha. Baada ya kukamuliwa mara kadhaa sufi hushikamana na kupungua nguvu, hapo nikabadilisha.

Sufi iliyochafuka niliiweka kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, mbali na moto, ikisubiri wakusanyaji wa mafuta machafu. Kuichoma au kuifukia ni kuhamisha sumu tu. Niliacha mifuko mipya upande ule mafuta yalikosukumwa na upepo mpaka ikawa inatoka nyeupe, na maji nikayapeleka kupimwa kabla ya kufungua mfereji.