Papa mbingusi hawapendi mapovu

Watu huniuliza kama sikuogopa kung'atwa nilipozamia na papa. Kule Isla del Coco, mwenye woga alikuwa papa mbingusi, yule wa kichwa cha nyundo, na kazi yangu ilikuwa kumfanya asinikimbie.

Kisiwa hicho cha Costa Rica, kilichotokana na volkano, kiko kilomita 550 hivi kutoka bara. Hakina wakazi ila walinzi wa hifadhi, kwa hiyo wageni hulala melini. Kutoka bandari ya Puntarenas, huko bara, ni siku moja na nusu hivi za kuyumba baharini, na hizo zilinitesa kuliko papa wote.

Mbingusi husogea kwenye miamba kusafishwa. Samaki wadogo wa manjano huwadonoa wadudu waliowaganda ngozini, na hapo ndipo papa hupunguza mwendo. Ila mapovu ya mzamiaji huwashtua, na anayewafukuza huambulia mikia tu. Basi pale Bajo Alcyone, mlima wa chini ya maji ambao kilele chake kiko mita 25 hivi kwenda chini, nilishuka upesi kabla mkondo haujanisomba, nikajibana nyuma ya jiwe, mikono ndani ya glavu, nikatulia.

Kutulia si kuzuia pumzi. Ukiwa na mtungi wa hewa mgongoni, ukizuia pumzi huku unapanda hata kidogo, hewa hutanuka na mapafu yanaweza kupasuka. Nilivuta taratibu na kutoa taratibu zaidi, macho yakiwa pembeni. Wakaja kwanza kama vivuli, kisha mmoja akapita karibu hadi nikaona makovu ubavuni. Nilipumulia naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, ambayo hurefusha muda wa kukaa chini. Lakini ukizidisha kina, oksijeni hiyo hugeuka sumu, hivyo jicho moja lilibaki kwenye kompyuta ya kuzamia, ile ndogo inayovaliwa mkononi kama saa na kuonyesha kina.

Usiku, kwenye kisiwa kidogo cha Manuelita, ujanja huo haukuwa na kazi. Papa wa pale, wenye ncha nyeupe kwenye mapezi, hawajali mapovu hata kidogo. Huwinda kwa makundi wakifuata mwanga wa tochi zetu, wakijipenyeza kwenye nyufa za matumbawe, hata katikati ya miguu ya watu. Nilikunja mikono kifuani na kuelekeza tochi mbali nami. Sikuona sababu ya kuwamulikia vidole vyangu.